Kupima Hesi za Bolti: Kuingia Si Kufaa



Nimeombwa niseme habari za kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu amekigusa, lakini ni wachache waliokitazama vema. Kitu hicho ni hesi, yaani ule mfuo unaouzunguka mwili wa bolti mfano wa njia inayozunguka mlima, na mwenzake uliomo ndani ya nati. Mafundi wengi wa gereji huuita thredi, wala sina ugomvi nao.

Baiskeli imefungwa kwa hesi. Bomba la maji limeungwa kwa hesi. Magurudumu ya basi linalopeleka abiria Mombasa usiku yameshikwa na nati chache, ambazo kila moja yaweza kufichwa katika kiganja cha mkono. Abiria huweza kumtazama dereva kama ana usingizi, na tena huweza kuyatazama matairi kama yamelika. Bali sijapata kusikia habari ya abiria aliyeuliza kama hesi za nati zile zimepimwa. Watu wamewaachia wengine kazi hiyo, na hao wengine ni ninyi.

Sasa, fundi akitaka kujua kama bolti na nati zapatana, hufanya nini? Huishika bolti, akaitia katika nati, akaizungusha kwa vidole. Ikiingia, husema, "Imekubali." Ikikataa, hutafuta nyingine. Desturi hiyo ni nusu ya ukaguzi, na nusu nyingine iliyosahauliwa ndiyo yenye hatari zaidi. Bolti iliyo nene mno hujishitaki yenyewe kwa kukataa kuingia. Bolti iliyo nyembamba mno hainung'uniki. Huingia kwa upole, tena kwa urahisi kuliko iliyo sawa, na fundi huifurahia.

HESI NI NINI

Asiyepata kuifikiri hesi na afanye hivi. Achukue karatasi, aikate iwe pembetatu yenye upande mmoja wa mteremko, kisha aizungushe juu ya kalamu ya risasi. Ule ukingo wa mteremko utaizunguka kalamu huku ukipanda, na hiyo ndiyo hesi. Bolti si kitu kingine ila mteremko uliozungushwa. Na kuikaza nati ni kuisukuma juu ya mteremko huo. Ndiyo maana mkono mmoja wenye spana huweza kubana vyuma viwili kwa nguvu ambayo watu kadhaa wasingeifikia kwa kusukuma tu.

Ukiipasua bolti kwa urefu wake, utaona meno yaliyopangwa kama meno ya msumeno. Katika meno hayo yako mambo matano ya kupima. Kuna kipenyo cha nje, kutoka ncha za meno za upande huu hata ncha za upande wa pili. Kuna kipenyo cha ndani, kule mabondeni. Kuna nafasi ya meno, yaani kutoka ncha ya jino moja hata ncha ya jino linalofuata. Kuna pembe iliyo baina ya mbavu mbili zinazoelekeana. Na jambo la tano, lililo kubwa kuliko yote na lisiloonekana kwa macho, ni kipenyo cha ubavu. Nacho hupimwa katikati ya mbavu, pale ambapo unene wa jino ni sawa na upana wa bonde lililo kando yake.

Nasema ni kubwa kwa sababu bolti na nati hazishikani kwa ncha za meno, hushikana kwa mbavu. Mtu akiipima bolti kwa mikromita ncha kwa ncha, hajajua bado kama meno ni manene au yamekonda. Ni kama kumpima mtu urefu pamoja na kofia yake.

Natuchukue bolti ya kawaida ambayo kila duka la vyuma lauza, ile iandikwayo M10. Nafasi ya meno yake ni milimita 1.5, na pembe ni digrii 60. Kwa hesabu, kipenyo chake cha ubavu ni milimita 9.026. Lakini hakuna mashine duniani iwezayo kutoa bolti elfu moja zikawa sawasawa kabisa, na bolti yenyewe yataka nafasi kidogo ipate kuingia katika nati. Kwa hiyo wenye kuweka kanuni wametoa ruhusa: kwa bolti ya daraja la kawaida, liitwalo 6g, kipenyo cha ubavu kisizidi milimita 8.994 wala kisipungue milimita 8.862. Baina ya mipaka hiyo miwili ni milimita 0.132, yaani kama unene wa nywele mbili zilizolazwa pamoja. Ndani ya nywele hizo mbili bolti ni njema. Nje yake ni chuma cha kutupwa. Jicho la kuiona tofauti hiyo halipo, hata liwe la fundi wa miaka thelathini.

KILA KARAKANA NA HESI YAKE

Zamani hapakuwa na mipaka ya namna hii, maana hapakuwa na mapatano. Katika Uingereza kila karakana ilikata hesi kama ilivyopenda yenyewe, na bolti ikipotea, mwenye mashine alilazimika kurudi kwa yule yule aliyeiunda. Joseph Whitworth, fundi wa Manchester, alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wake, na mwaka 1841 akawatolea wahandisi shauri lake: pembe iwe digrii 55 kwa bolti zote, na kila kipenyo kiwe na idadi yake maalum ya meno katika inchi. Shauri hilo lilienea popote zilipofika mashine za Kiingereza, hata kwetu Afrika ya Mashariki.

Huko Marekani, William Sellers wa Philadelphia alitoa shauri la pili mwaka 1864. Yeye alitaka digrii 60, kwa hoja kwamba pembe hiyo ni rahisi zaidi kuikata na kuihakikisha. Hoja hiyo ni ya mkaguzi hasa, nami naona alikuwa na haki, kwa kuwa jambo lisilopimika kwa urahisi mara nyingi halipimwi. Lakini matokeo yake yalikuwa mataifa mawili makubwa yenye hesi mbili. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika inchi. Ya Marekani ina meno 13. Ziweke mezani pamoja na mgeni hatazitambua. Itie moja katika nati ya mwenzake, nayo itaingia kidogo kisha ikwame. Na mwenye misuli akiendelea kuikaza kwa spana ataziharibu zote mbili. Wakati wa vita vya pili vya dunia tofauti hiyo iliwasumbua sana washirika waliokuwa wakitumia mashine za wenzao, hata tarehe 18 Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikatia sahihi mapatano ya hesi moja. Baadaye hesi ya milimita, yenye digrii 60 vile vile, ndiyo iliyoenea dunia nzima.

Wala mtu asidhani kwamba ugomvi wa hesi ni wa wahandisi peke yao. Mwezi wa Februari 1904 moto mkubwa uliushika mji wa Baltimore, Marekani. Wazima moto walikuja mbio kwa gari la moshi kutoka Washington, Philadelphia na New York. Walipofika, maji yalikuwapo, mipira ilikuwapo, na watu hodari walikuwapo. Bali viungo vya mipira yao vingi havikukubali hesi za mabomba ya mji ule. Zaidi ya majumba 1,500 yaliteketea. Walipochunguza nchi nzima baada ya msiba huo, walikuta namna zaidi ya 600 za viungo vya mipira ya kuzimia moto.

Katika Baltimore hesi ilikataa, na kila mtu akaiona ikikataa. Hesi inayokubali bila haki ni adui mwingine, na ili kumkamata huyo wakaguzi walitengeneza chombo chake.

KIPIMO CHENYE VICHWA VIWILI

Kiwanda kinachotoa bolti na nati kwa maelfu hakiwezi kuipima kila moja kwa hesabu ndefu. Hutumia kipimo ambacho mafundi hukiita geji. Kwa nati, ni kipande cha chuma kigumu chenye mpini katikati na hesi huku na huku. Kichwa kimoja ni kirefu, nitakiita Ipite. Kichwa cha pili ni kifupi, na mara nyingi kimetiwa alama nyekundu, nitakiita Isipite. Ipite imekatwa katika mpaka wa chini wa nati, nayo sharti iingie nati nzima, toka mwanzo hata mwisho, kwa nguvu ya vidole tu. Isipite imekatwa katika mpaka wa juu, nayo sharti ikatae. Kanuni za kimataifa huiruhusu ianze kuingia, bali isizidi mizunguko miwili. Kwa bolti hutumiwa pete mbili kwa mpango huo huo, Ipite yake na Isipite yake.

Mgeni wa kazi akiona urefu wa kichwa kimoja na ufupi wa cha pili, hudhani mwenye kiwanda amebania chuma. Sivyo. Mwaka 1905 William Taylor wa Leicester, mtu wa kazi ya lenzi na vyombo vya kupimia, alieleza kanuni ambayo wakaguzi wangali wakiifuata: kipimo cha kukubali sharti kiyapime mambo yote kwa pamoja, na kipimo cha kukataa kipime jambo moja peke yake. Ni kama katika baraza. Ili mtu akubaliwe, wazee wote sharti waridhike. Bali ili akataliwe, sababu moja iliyothibitika yatosha.

Fikirini bolti ambayo nafasi ya meno yake imenyooka kidogo kupita kiasi. Kosa la jino moja ni dogo sana, lakini baada ya meno kumi makosa yamejumlika. Bolti ya namna hiyo haiwezi kuingia katika nati iliyo sawa ila ikikondeshwa. Na kwa hesi ya digrii 60, kila kiasi cha kosa la nafasi lataka kipenyo cha ubavu kipunguzwe kwa kiasi hicho mara 1.7 hivi. Mtengenezaji asiyejua, au ajuaye na hajali, huikondesha mpaka iingie. Sasa yaingia, lakini ndani ya nati meno mawili tu ndiyo yanayogusa, na hayo mawili yabeba mzigo uliokusudiwa kwa yote.

Mkaguzi aitie bolti hiyo katika Isipite. Kama pete ya Isipite ingekuwa ndefu yenye meno kamili, lile kosa la nafasi lingeizuia bolti, na mkaguzi angesema, "Vema, Isipite imekataa, bolti ni nene ya kutosha." Angedanganywa na kosa moja lisilomwonyesha la pili. Kwa ajili hiyo Isipite hupewa meno machache, na ncha zake hupunguzwa, ili iguse katikati ya mbavu tu na kuuliza swali moja: kipenyo cha ubavu kimepungua au hakikupungua? Mimi naona hila hii ndogo ni miongoni mwa mambo yenye akili sana katika ufundi wote wa chuma, tena haina mtambo wala umeme ndani yake.

Geji hujibu ndiyo au la. Haisemi ni kiasi gani, na mwenye kutengeneza hutaka kujua kiasi gani ili airekebishe mashine yake kabla haijaharibu bolti za siku nzima. Hapo hutumiwa nyaya tatu za chuma kigumu zilizo sawa kwa unene. Waya mmoja hulazwa katika bonde la upande huu wa bolti, na mbili katika mabonde mawili ya upande wa pili, kisha mikromita hupima juu ya zote. Unene wa waya huchaguliwa ili uguse pale pale katikati ya mbavu. Kwa hesi ya digrii 60 ni nafasi ya meno mara 0.577, na kwa M10 yetu ni milimita 0.866. Kwa nyaya hizo, M10 yenye kipenyo cha ubavu cha milimita 9.026 itapimika milimita 10.325 juu ya nyaya, na kila kinachopungua hapo kimepungua katika ubavu. Ajaribuye mara ya kwanza ataona kwamba Mungu amempa mikono miwili tu hali kazi yataka minne. Grisi kidogo huzishika nyaya mahali pake.

Na geji yenyewe ni nani wa kuikagua? Kila nati inayoingia Ipite huila kidogo, na baada ya maelfu ya nati kichwa hicho huwa kimekonda. Hapo huanza kuzikubali nati zilizo nyembamba ndani, ambazo bolti ya haki itazikataa. Kwa hiyo geji ina tarehe yake ya kupimwa, na ipitapo tarehe hiyo haifai kutumiwa. Hupimwa katika chumba chenye joto la digrii 20, kwa kuwa hilo ndilo joto ambalo mataifa yamepatana kwalo, na chuma cha pua cha mita moja huongezeka kiasi cha milimita 0.0115 kwa kila digrii moja ya joto. Kwa bolti ndogo iliyo mezani pamoja na geji yake katika karakana ya Mombasa, jambo hilo halina uzito, maana zote mbili zimepata joto moja. Lakini kwa mwenye kuipima geji yenyewe lina uzito sana. Hapa Kenya kazi ya kutunza vipimo vya taifa imo mikononi mwa Shirika la Viwango la Kenya, lililoundwa kwa sheria mwaka 1974.

BOLTI ZILIZOKUBALI

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, ya namna ya BAC One-Eleven, iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga. Ndani walikuwamo watu 87. Dakika 13 baada ya kuruka, ilipokuwa imepanda kadiri ya futi 17,300, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kiling'oka chote. Hewa iliyokuwa ndani ikatoka kwa nguvu, ikamchukua rubani Tim Lancaster na kumtoa dirishani nusu ya mwili. Watumishi wa ndege walimshika miguu, nao hawakumwacha ijapokuwa walidhani amekwisha kufa, huku upepo na baridi kali vikimpigiza kwenye bodi ya ndege. Rubani msaidizi, Alastair Atchison, aliiteremsha ndege katika uwanja wa Southampton. Hakufa mtu hata mmoja, na rubani yule, baada ya kuuguzwa, alirudi kazini miezi michache baadaye.

Kioo kile kilikuwa kipya. Kilitiwa usiku, saa 27 kabla ya safari ile, nacho kilishikwa kwa bolti 90. Wachunguzi walikuta kwamba 84 katika hizo zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa kwa inchi 0.026, yaani milimita 0.66. Sita zilizobaki zilikuwa na unene wa haki lakini zilikuwa fupi.

Fundi aliyekitia hakuwa mvivu wala mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu, mwenye uzoefu wa miaka mingi, akaifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu usiku ule watu walikuwa haba. Alichukua bolti aliyoitoa, akaenda penye masanduku ya bolti, mahali penye mwanga hafifu, akatafuta zinazofanana nayo kwa kuzilinganisha kwa macho na vidole. Kila mmoja wetu amefanya hivyo mara mia katika duka la vipuri, na muuzaji amefanya hivyo kwa ajili yetu.

Sasa sikilizeni vema habari ya hesi. Bolti iliyotakiwa ilikuwa na meno 32 katika inchi. Bolti iliyotiwa nayo ilikuwa na meno 32 katika inchi. Kama nafasi ya meno ingekuwa mbalimbali, bolti zingekwama baada ya mzunguko mmoja au miwili, na fundi angejua mara moja. Lakini meno yalilingana. Kwa hiyo zikaingia zote 84, moja moja, bila ya matata, huku ncha za meno zikigusa ncha za meno, na mbavu zisishikane. Bisibisi alilotumia lilikuwa la namna iliyopangwa kuteleza ifikapo nguvu iliyowekwa, ili bolti isikazwe kupita kiasi. Mkono wake ulisikia mtelezo, naye akadhani bisibisi limefika mpaka wake. Kumbe ilikuwa hesi ya bolti ikiruka ndani ya hesi ya nati.

Juu ya hayo, kioo cha ndege ya namna ile hutiwa kutoka nje, kwa hiyo hewa ya ndani hukisukuma kitoke. Mzigo wote ulikuwa juu ya zile ncha. Na kanuni za siku zile hazikumtaka mtu wa pili aikague kazi hiyo, wala hazikutaka ndege ijazwe hewa ikijaribiwa kabla ya kuruka.

Nataka muone jambo moja ambalo wengi wanaosimulia habari hii hulipita. Bolti zile hazikuwa mbovu. Zilipotoka kiwandani zilikuwa ndani ya mipaka yake, na geji yake ingezikubali. Zilikuwa bolti njema za mahali pengine. Pete ya Isipite ya bolti iliyotakiwa ingezipokea hata mwisho bila ya kuzuia chochote, na hiyo ingetosha kuzikataa. Au mikromita, kwa dakika moja, ingeonyesha inchi 0.164 mahali palipotakiwa 0.190.

KATIKA KAZI ZETU

Hapa kwetu ndege hutengenezwa na wachache, bali baiskeli na mabomba ni kazi ya wengi. Kwa miaka mingi Raleigh ilikata hesi ya meno 26 katika inchi mahali panapotiwa vikombe vya ekseli ya pedali, na baiskeli nyingine nyingi za Kiingereza zilikuwa na meno 24. Vipenyo vyake vinapishana kwa inchi 0.005 tu. Kikombe cha moja huanza kuingia katika nyingine, kisha hukaza, na fundi akidhani ni kutu huongeza nguvu; baiskeli iliyobeba maziwa miaka ishirini huharibiwa kwa adhuhuri moja.

Habari ya mabomba ni ya kuchekesha kidogo. Bomba liitwalo la nusu inchi, ukilipima juu ya hesi yake, ni milimita 20.955, ambazo zakaribia inchi moja kuliko nusu yake. Jina lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya kale. Hilo halina madhara maadamu wote wanajua. Lenye madhara ni kwamba hesi ya bomba ya Kiingereza, tuitumiayo sisi, ni ya digrii 55, na ya Marekani ni ya digrii 60, nazo kwa bomba la nusu inchi na la robo tatu zote zina meno 14 katika inchi. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani kitaanza vizuri katika bomba letu, na fundi atakiviringishia utepe, kitakaza. Kisha baada ya siku chache ukuta utaanza kulowa. Kwa bomba la inchi moja meno ni 11 kwa 11.5, na hapo angalau hesi hugombana mapema.

Karakana ndogo haiwezi kununua geji za kila namna, wala sisemi inunue. Inunue kwanza kitana cha hesi, yaani vile vijembe vyembamba vyenye meno, kila kimoja kimeandikwa nafasi yake ya meno. Kijembe hulazwa juu ya hesi na kuinuliwa kwenye mwanga. Mwanga ukionekana baina ya meno, sicho. Kijembe cha digrii 55 juu ya hesi ya digrii 60 huonyesha mwanga mwembamba ubavuni, hata kama idadi ya meno ni sawa, kwa hiyo mtu na asiridhike kwa kuhesabu tu. Baada ya kitana, mikromita kwa kipenyo cha nje, na jedwali la vipimo libandikwe ukutani mahali penye taa. Na kwa kazi ambayo uhai wa mtu umo ndani yake, kama usukani, breki na magurudumu, inunuliwe geji ya zile bolti mbili tatu zitumikazo kila siku, yenye vichwa vyote viwili. Nimeona karakana zilizonunua Ipite peke yake ili kupunguza gharama. Hizo zimelipa fedha kwa kazi ambayo nati yoyote ingeifanya bure.

Bolti iliyokataliwa isirudishwe katika debe la bolti njema, hata kwa saa moja. Mwanafunzi atakayekuja jioni ataikuta pale, ataijaribu kwa vidole, nayo itamkubalia. Ipigwe nyundo palepale mbele ya mkaguzi, mpaka meno yake yalale.